Maswali yenu kwa Nahodha: Kimbunga kinakuja, klabu ya boti tuiandaeje?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi kijana wa Tanga, niko Florida mwaka wa pili sasa, nimepata kazi kwenye klabu moja ya boti upande wa Tampa Bay. Gatini tuna boti kama 60 hivi, zingine za tanga zingine za injini, alafu kuna vijiboti vya watoto wanaojifunza tanga. Mzee aliyekua mkubwa wangu kastaafu, kamati imeniambia niandike mpango wa kimbunga na mimi kimbunga sijawahi kukiona zaidi ya kwenye TV. Naanzia wapi? Na je boti zifungwe zikaze au zilegee, maana kila mwenye boti ananiambia lake. – *Kijana wa gatini, Florida*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Nimefanya kazi ya boti miaka mingi pande hizo hizo za magharibi ya Florida, kwaiyo ntakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Kwanza kabisa acha kuangalia upepo peke yake. Kila mtu anauliza kimbunga ni kategoria ya ngapi, kategoria inapima kasi ya upepo tu, haisemi chochote kuhusu maji, na kwenye gati maji ndio yanayofanya kazi mbaya. Helene, kimbunga cha mwezi wa 9 mwaka 2024, ilipita baharini zaidi ya maili 100 kutoka hapo Tampa Bay, ikaenda kutua kule juu kaskazini karibu na mji wa Perry, watu wakasema aah imetupita. Usiku ule maji kwenye mji wa St. Petersburg, hapo hapo kwenye ghuba yenu ya Tampa, yakapanda zaidi ya futi 6 juu ya kimo cha kawaida cha maji kujaa. Nyumba zimejaa maji, boti ziko barabarani. Alafu haijapita wiki mbili, tarehe 9 mwezi wa 10, Milton ikatua Siesta Key, kusini kidogo ya hapo, na safari hii upepo ukayasukuma maji yatoke kwenye ghuba yaende baharini, boti zikabaki zinaning'inia. Yani gati moja, watu wale wale, ndani ya siku 13 maji yamepanda kupita kiasi alafu yamekauka. Mwaka 2017 Irma nayo ilikausha hivyo hivyo mpaka watu wakatembea kwenye tope la ghuba, kitu cha hatari sana maana maji yale yanarudi.

Kwaiyo swali lako la kukaza au kulegeza jibu lake ni urefu wa kamba. Shika penseli. Boti imefungwa kwa kamba ya futi 10 kutoka kwenye boti mpaka nguzoni, maji yakapanda futi 8. Ili ile kamba ifike inatakiwa iwe karibu futi 13, inapungukiwa futi 3, sasa hapo kinachotokea ni kamba kukatika, au kile chuma cha kufungia king'oke na kipande cha boti, au boti ivutwe upande mmoja inywe maji. Chukua sasa kamba ya futi 30, maji yakapanda zile zile futi 8, inapungukiwa futi moja tu, na nailoni nzuri futi moja inavutika bila taabu. Maji yakishuka hesabu ni ile ile. Ndio maana unaona mafundi wa zamani wanafunga boti kwa kamba ndefu zinazovuka kwenda nguzo za upande wa pili, kama utando wa buibui, boti inakaa katikati haigusi gati popote. Kamba fupi za kila siku ziweke pembeni, na pale kila mwenye boti awe na seti yake nyingine nzito ya kimbunga, imekatwa kabisa, imewekwa alama omo kulia, omo kushoto, tezi kulia, tezi kushoto (omo ni mbele ya boti, tezi ni nyuma).

Sasa nenda kapime nguzo zako. Kama gati lenu ni la kuelea, linapanda na kushuka kwa kufuata nguzo, je nguzo zimebaki juu kiasi gani maji yakijaa kawaida? Kama zimebaki futi 6 na maji yakija futi 8, gati lote na boti zake zote zinavuka kichwa cha nguzo na kuondoka pamoja. Kama gati limesimama halielei, hatari ni nyingine, boti inapandishwa na maji mpaka juu ya nguzo alafu maji yakipungua inaikalia nguzo. Nimeona boti ya futi 28 imechomwa na nguzo tumboni kama mshikaki, injini mpya kabisa, na mwenyewe amesimama chini yake hasemi kitu. Hicho kipimo cha nguzo kiandike ukurasa wa kwanza wa mpango wako, kamati ikione, maana ndicho kitaamua kama boti zibaki majini au zitolewe zote.

Mimi ukiniuliza, inayoweza kutoka itoke. Ya trela iondoke na trela iende mbali na maji, ya kunyanyuliwa na winchi inyanyuliwe iwekwe kwenye uwanja wa juu, ila usidhani ikishafika nchi kavu kazi imeisha. Vile viegemeo vya chuma viwe vingi kuliko kawaida, chini yake plaiwudi visizame kwenye mchanga ulioloa, vifungwe cheni kimoja na mwenzake kupita chini ya mkuku, na boti yenyewe ifungwe mikanda kwenye nanga za ardhini. Boti ya tanga ikianguka uwanjani inaangusha ya jirani, na ya jirani inaangusha ya tatu. Zile zinazoning'inizwa kwenye vinyanyuzi vya gatini ndio naziogopa zaidi. Boti ya futi 20 kwa 8, mvua ya inchi moja tu ni kama kilo 380 za maji, na Milton ilimwaga St. Petersburg zaidi ya inchi 18. Majani yakiziba matundu ya kutolea maji, fikiria mwenyewe huo uzito ukiwa juu ya waya mbili.

Alafu vua. Tanga zote zivuliwe, hata ile ya mbele inayojiviringisha, watu wengi wanaifunga kamba wakasema inatosha, upepo unaingiza kidole kidogo tu unaikunjua yote na ikishakunjuka boti hiyo haifungiki tena. Turubai, vivuli, antena, viti, vyote chini. Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nne, kutoka maili 40 kwa saa kwenda 80 ni mara nne, kwaiyo kila kitambaa unachokitoa unapunguza mzigo kwenye kamba.

Kwenye kamba hapo hapo, kinachoua kamba ni kusuguliwa. Nilikua nazunguka asubuhi baada ya dhoruba moja naona unga mweupe laini kwenye kona za boti, nikadhani rangi, kumbe ni nailoni imesagwa usiku kucha pale inapopita kwenye chuma, kamba nene kama kidole gumba imebaki uzi. Jirani yake alikua amevisha kipande cha mpira wa zimamoto wa zamani, ule wa kitambaa, ameushona usiteleze, kamba yake nzima kama imetoka dukani. Usitumie mpira wa plastiki wa kumwagilia bustani, kamba ikivutika inapata joto kwa ndani na plastiki inazuia maji ya kuipoza.

Sasa wakati. Msimu ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na wewe kazi yako kubwa imalizike kabla ya hiyo Juni. National Hurricane Center, kituo cha Marekani cha kufuatilia vimbunga, wanatoa tahadhari ya awali masaa 48 kabla ya upepo wa dhoruba kuanza kufika na onyo kamili masaa 36. Unaona kama ni muda mrefu? Siku mbili hizo, mwenye winchi ana foleni, maduka kamba zimeisha, madaraja ya kufunguka yanafungwa hayafunguki tena kwa boti zenye mlingoti mrefu, na wewe mwenyewe una familia ya kuondoa. Coast Guard, walinzi wa pwani wa Marekani, wao wanazifunga bandari kwa hatua, Whiskey ni masaa 72 kabla ya upepo kufika, X-Ray 48, Yankee 24, Zulu 12. Nakushauri ufuate hizo hizo, kwenye Whiskey wenye boti wapigiwe simu wote, kwenye Yankee gati liwe limefungwa na umeme wa gatini umezimwa, na ikifika Zulu wewe usiwepo hapo kabisa.

Hapo kwenye wenye boti kuna jambo la sheria kamati yako ilijue. Kifungu 327.59 cha sheria za Florida kinakataza gati kumlazimisha mtu aondoe boti yake baada ya tahadhari ya kimbunga kutangazwa, sababu ni kwamba uhai wa mtu unatangulizwa kuliko mali. Lakini kinaruhusu mkataba useme kwamba asipoiondoa, gati linaweza kuchukua hatua za kawaida kuifunga na kumdai gharama zinazoeleweka. Kwaiyo hilo liwe kwenye mkataba kwa maandishi, mapema. Usipokua nalo utajikuta saa 10 jioni unabishana kwa simu na mtu aliyeko New York huku mvua imeanza.

Vijiboti vya watoto vivuliwe milingoti vikae ndani, vikikosa nafasi vipinduliwe vifungwe chini. Meza za nje, mapipa, mitungi ya gesi, kayaki, yote hayo kwenye upepo ni mawe. Matenki ya mafuta ya klabu yajazwe na valvu zifungwe, tenki tupu linaelea likiwa limejaa hewa linang'oka na mabomba yake. Piga picha kila boti na kila chumba kabla, bima watakuuliza. Na vile vigari vya gofu vya betri, vitoe kabisa kwenye eneo linalofikiwa na maji maana betri za lithiamu zikishaingia maji ya chumvi zinaweza kuwaka moto zenyewe hata baada ya siku kadhaa, baada ya Helene hilo lilitokea.

Ukirudi baada ya dhoruba usiguse maji yaliyo karibu na gati mpaka umeme uhakikishwe umekatwa, na jenereta isiwashwe ndani ya jengo wala kwenye veranda, sumu iliyo kwenye ule moshi haina harufu ya kukuamsha.

SWALI: Nahodha, salaam. Sisi tunatoka Mombasa, tuko karibu na Fort Myers. Mume wangu anatunza boti kubwa ya tajiri mmoja, anailaza kwenye klabu. Tajiri amemwambia kimbunga kikija abaki ndani ya boti aangalie pampu na kamba, na mume wangu amekubali, anasema bahari anaijua tangu utoto. Mimi silali. Namwambiaje? – *Mama wawili, Florida*

JIBU: Dada yangu, mpe shemeji gazeti hili asome mwenyewe, na hapa naongea na yeye moja kwa moja.

Shemeji, najua unaijua bahari. Mimi pia nimezaliwa nayo, na sisi wote tumefundishwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sasa wewe ngama yako ni huyo mkeo na hao watoto wawili. Usilale kwenye hiyo boti. Pande hizo hizo unazokaa, tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 2022, kimbunga Ian kilitua kisiwa cha Cayo Costa na upepo wa maili 150 kwa saa, na pale Fort Myers Beach maji yalipanda futi 10 mpaka 15 juu ya ardhi. Juu ya ardhi, sio juu ya bahari. Boti za kuvulia kamba, wale wa kuliwa, zile nzito za chuma ambazo kila moja ni kama nyumba, zilirushwa nchi kavu zikalaliana. Watu zaidi ya 100 walikufa Florida na makumi kati yao walikufa maji.

Unasema utaangalia pampu. Pampu ya ngama inakula betri, umeme wa gati umekatwa, betri ikiisha utafanya nini, utachota na ndoo? Unasema utakaza kamba. Kwa upepo wa maili 100 huwezi kusimama wima kwenye sitaha, macho hayafunguki kwa chumvi, na kamba yenye tani kadhaa za mvuto ikikatika inarudi kama mjeledi. Hakuna kazi hata moja ambayo mtu anaifanya ndani ya boti wakati ule ambayo haikuweza kufanywa jana yake mchana. Na ukipata shida usitegemee mtu, waokoaji wa huko wakiona upepo umepita kiasi cha maili 40 hivi kwa saa wanaingiza magari ndani, simu yako wataipokea ila hawatatoka.

Tajiri mwambie kwa maandishi, kwa adabu kabisa: bosi, nitaifunga boti yako kamba mara mbili, nitafunga valvu zote za chini ya maji, nitaziba bomba la moshi, nitachaji betri, nitakupigia picha, na masaa 24 kabla nitaondoka na familia yangu. Boti ina bima. Akikufukuza kwa hilo basi dada yangu kazi hiyo iende, nasema hivi nikijua kodi ya nyumba huko ni kiasi gani.

Na nyinyi wote angalieni leo leo mnakaa zoni gani ya kuhama, zinaanzia A, na A ndio ya kwanza kuambiwa iondoke. Pasipoti, vyeti vya watoto, karatasi za uhamiaji, zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, uning'inie mlangoni msimu mzima.

SWALI: Nahodha, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha boti hapa Dar, tuna boti 14 zimefungwa kwenye maboya, hatuna gati. Tangu kimbunga Hidaya watu wamegawanyika, wengine wanasema hivi vitu ni vya Marekani na Msumbiji, kwetu kilikua bahati mbaya tu, tusitumie hela. Wewe unaonaje? – *Katibu, Dar es Salaam*

JIBU: Katibu, wanaosema ni vya kwingine wanakosea lakini naelewa wanapoanzia, kweli vimbunga havipendi kukaa karibu na ikweta, mzunguko wake unakosa nguvu, ndio maana vingi vinaishia Msumbiji na Madagaska. Lakini nadra sio kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu ikalala chini, meli za Sultan Barghash zikazama pale pale bandarini, Pemba ikapona na karafuu ikahamia huko mpaka leo. Aprili 1952 kikapiga Lindi. Na Hidaya mmeiona wenyewe, tarehe 4 Mei 2024 ikafika Mafia, boti za Zanzibar zikasimamishwa, barabara ya kusini ikakatika upande wa Kilwa. Angalia miezi hiyo, Aprili, Aprili, Mei. Ni masika, wakati ambao sisi tunawaza mafuriko tu.

Kuna jambo moja la kujua. Kwenye nusu yetu ya dunia kimbunga kinazunguka kwa kufuata saa, na kikitoka baharini kuja kwetu upande wa kusini wa jicho ndio unaosukuma maji kuja nchi kavu, kaskazini yake upepo unatoka bara. Hidaya ilitua Mafia, kwaiyo Dar mlikua upande wa nafuu. Kingetua Bagamoyo ingekua habari nyingine kabisa.

Na nyinyi mna kitu wa Florida hawana, maji yenu wakati wa bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, wao kule Tampa ni futi mbili tatu tu. Kimbunga kikifika maji yamekupwa huenda msione kitu, kikifika yamejaa na ni bamvua, mita moja tu ya ziada inaingia mpaka barabarani. Kwaiyo taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, isomeni pamoja na jedwali la maji kujaa na kupwa, mkono huu na mkono huu.

Hela zenu mimi ningezitumia kwenye maboya. Tumeni mzamiaji. Hilo tofali la zege mnaloliamini, la tani moja mkiwa juu, likiwa kwenye maji ya bahari linabaki na uzito kama wa kilo 570, na kama halijazama kwenye mchanga linaburutwa. Cheni inaliwa pale chini inapogusa mchanga na kuinuka kila wimbi, pale pale pachukueni kipimo, kama chuma cha pete kimepungua theluthi kitupwe. Pini za shakli zifungwe waya. Na kamba kutoka boyani kuja omo ziwe mbili, zimevishwa mpira wa kitambaa kama nilivyomwambia yule kijana hapo juu.

Zile boti ndogo zenu msiziache majini, zivuteni juu ya alama ya bamvua, vueni injini, zipinduliwe. Kubwa zinazoweza kuingia kwenye mkondo wenye mikoko ziingizwe siku mbili kabla, mnazifungia kwenye mashina pande zote na nanga ya tezi, msikate mikoko. Chagueni mkondo huo sasa hivi kaskazi ikiwa shwari, muingie nao maji yakijaa mpime kina, muandike boti gani inakaa wapi na nani anaipeleka.